Kinyama Kiko Wapi?

Karatasi ina mistari minne tu. Imepigwa picha kwa simu chini ya taa ya korido ya hospitali, pembe moja imekatika, lakini maneno mazito yanasomeka: "posterior fossa SOL with obstructive hydrocephalus", yaani kuna SOL kisogoni na njia ya maji ya ubongo imezibwa. Chini ya picha kuna ujumbe wa mama: "Wamesema ni uvimbe kichwani. Tumegugo tumeona mtu anaishi miezi kumi na tano. Ni kweli?"

Mtoto mwenyewe ana miaka sita.

Hiyo miezi kumi na tano haikubuniwa. Ni takwimu halisi ya ugonjwa mwingine, glioblastoma, ambao huwapata zaidi watu wazima waliovuka miaka hamsini. Mtandao ulijibu swali uliloulizwa, na swali halikuwa na jina la ugonjwa ndani yake. Picha za namna hii huzunguka kwenye simu za ndugu na jamaa kila siku, na kwa wiki kadhaa sasa jambo moja limekataa kunitoka kichwani. Taarifa nzuri kuhusu uvimbe wa ubongo kwa watoto zipo, tena bure. Sisi tunaanza kuzisaka kwenye simu, wakati mlango wake ni kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichomo kwenye kikopo cha plastiki kilichotoka chumba cha upasuaji.

## Herufi tatu

SOL maana yake kuna kitu kimekalia nafasi isiyo yake ndani ya fuvu. Basi. Mtaalamu wa picha ameona kivuli, hajaona ugonjwa. Kivuli hicho chaweza kuwa uvimbe, jipu, donge la kifua kikuu au vifuko vya tegu wa nguruwe, na kwetu Afrika Mashariki hayo mawili ya mwisho si mambo ya vitabuni. Donge la TB huiga uvimbe kwenye picha kiasi cha kumchanganya hata msomaji mzoefu, na tiba yake ni vidonge.

Tuseme ni uvimbe kweli. Kisogoni mwa mtoto watuhumiwa wakuu ni watatu: astrositoma ya pilositiki, meduloblastoma na ependimoma. Zote huziba njia ya maji ya ubongo. Zote huleta kutapika asubuhi, kichwa kuuma, kuyumba, macho kuona viwili viwili, shingo kuinama upande mmoja. Kwenye karatasi ya kwanza zinafanana kabisa.

Baada ya hapo zinaachana.

Ya kwanza ikitolewa yote, kwa kawaida hakuna kemo wala mionzi. Mtoto anafuatiliwa kwa MRI tu, na zaidi ya tisa kati ya kumi wanakua wakawa watu wazima. Ya pili inadai upasuaji, kisha mionzi ya kichwa na uti wa mgongo wote, kisha kemo ya miezi mingi. Ya tatu inategemea mno mkono wa daktari wa upasuaji, maana mabaki ndiyo yanayorudi, halafu mionzi inaelekezwa pale pale ulipokuwa.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza "Je, ni kansa?" anapewa jibu ambalo halimsaidii hata likiwa sahihi. Swali lenye faida ni hili: "Mnadhani ni nini, na mtajuaje kwa hakika?"

Hapa niseme jambo la pembeni, kwa walio bado nyuma ya hatua hii. Watoto wengi hufika kwenye MRI baada ya kupitia malaria, taifodi, UTI na minyoo, kila mara kwa dawa yake. Uingereza walianzisha kampeni ya HeadSmart mwaka 2011 kuwakumbusha wazazi na madaktari dalili hizi, na muda kutoka dalili ya kwanza hadi kugundulika ukashuka kutoka wiki 14 hivi hadi chini ya 7. Nao wana skana kila mji. Mtoto anayetapika asubuhi kwa zaidi ya wiki mbili, kipimo cha malaria hakioni kitu, na sasa anashika ukuta akitembea, haendi kuongezewa dozi. Anaenda kupigwa picha. Tena MRI ikipatikana ni bora kuliko CT, kwa sababu mifupa minene ya kisogo huchafua picha ya CT mahali pale pale uvimbe wa watoto unapopenda kukaa.

## Kikopo

Kwenye hospitali zetu nyingi, kinyama kikishachukuliwa, ndugu ndiye anayekabidhiwa kikopo akipeleke maabara. Hapo ndipo mambo mengi huharibika kimya kimya, na hakuna anayemwambia mzazi.

Kinyama kinatakiwa kiwe ndani ya formalini, dawa ya kukihifadhi, ya asilimia 10, na formalini iwe nyingi, karibu mara kumi ya ukubwa wake. Si maji, si dripu ya chumvi. Kwenye maji kinaanza kuoza baada ya saa chache, na mtaalamu wa maabara ataandika kwamba kimeharibika, hakisomeki. Kikopo kiwe na mdomo mpana ili kisibanwe kikaharibika umbo. Jina, namba ya faili na mahali kilipotoka viandikwe ubavuni mwa kikopo, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Na kisikae kwenye formalini wiki tatu kikisubiri mtu alipie: siku moja mbili zinatosha, zaidi ya hapo formalini yenyewe inaanza kukatakata vinasaba ambavyo baadaye vingehitajika.

Maabara hukigandisha ndani ya nta, kikawa bloku. Bloku ni kitu kidogo kama kipande cha dawa ya mbu, na ndicho hazina ya kesi nzima. Hukaa miaka kwenye joto la kawaida la chumba. Slaidi za kioo hukatwa kutoka humo, na slaidi nyingine zinaweza kukatwa tena mwakani, au kutumwa kwa mtaalamu wa nchi nyingine bila mtoto kusogea kitandani. Kwa hiyo uliza majibu, lakini pia uliza: bloku iko maabara gani, na namba yake ni ipi?

Halafu soma majibu yenyewe. Kuna majibu ambayo yanaonekana kama jina na siyo. "Small round blue cell tumour" ni maelezo ya jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini, ndogo, za duara, za buluu. Meduloblastoma huonekana hivyo. ATRT nayo huonekana hivyo, na ATRT ni ugonjwa mwingine, mkali zaidi, unaopenda watoto chini ya miaka mitatu na unaotibiwa kwa mpango tofauti. Kinachozitenganisha ni rangi maalumu ya protini inayoitwa INI1: kwenye ATRT protini hiyo kwa kawaida imetoweka. Majibu yakija na maneno hayo peke yake, hasa kwa mtoto mdogo, kazi haijaisha. Ni haki yako kuuliza kama INI1 imepimwa, na kama haipimwi hapo, inapimwa wapi.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani huainisha uvimbe wa ubongo kwa kuunganisha hadubini na vinasaba. Meduloblastoma leo ina makundi manne, na lile liitwalo WNT hupona vizuri kuliko mengine. Vipimo vya kutenganisha makundi vyote havipo katika kila hospitali yetu. Lakini bloku nzuri inaweza kupimwa huko viliko. Bloku iliyooza haipimwi popote duniani.

## Mara chache, damu kwanza

Kuna aina moja, uvimbe wa seli za uzazi (germ cell tumours), ambayo kisu kinaweza kuwa si hatua ya kwanza kabisa. Mtoto mkubwa au kijana, uvimbe uko katikati ya ubongo, jirani na tezi ya pineali au juu ya tezi ya pituitari. Mara nyingi ameanza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa mno, na watu wamepima sukari wakaikuta kawaida. Hapo uliza kuhusu vipimo viwili vya damu, AFP na beta-hCG. Vikiwa juu vinaweza kutaja ugonjwa bila kufungua fuvu. Na jerminoma, aina yake iliyo pole isiyopandisha AFP, hupona kwa mionzi, mara nyingi pamoja na kemo, kwa zaidi ya asilimia 90, bila mtu kuhangaika kuung'oa wote.

Beta-hCG ni homoni ile ile ya kipimo cha mimba. Maabara zinazoipima kwenye damu si chache.

## Faili tatu

Dar es Salaam mtoto mmoja wa aina hii hupita taasisi tatu. Upasuaji ni MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili. Kemo ni wodi ya saratani ya watoto, Muhimbili. Mionzi ni Ocean Road. Faili tatu, namba tatu, na anayezijua zote ni mama aliyebeba mfuko wa rambo wenye karatasi. Kampala ni Mulago na Taasisi ya Saratani ya Uganda jirani yake. Kila mji una mgawanyo wake, na kila mpaka ni mahali pa karatasi kupotea.

Muda ndio unaoumiza. Tuchukue meduloblastoma. Baada ya upasuaji, MRI ya kuangalia kilichobaki inatakiwa ndani ya saa 72, kwa sababu baadaye uvimbe wa jeraha huanza kufanana na mabaki ya ugonjwa. Ikishindikana, husubiriwa wiki mbili tatu hadi jeraha litulie. Kilichobaki kikizidi sentimita moja na nusu za mraba, mtoto anahamia kundi la hatari kubwa na dozi ya mionzi inapanda. Maji ya uti wa mgongo huchukuliwa wiki mbili hivi baada ya upasuaji, maana yakichukuliwa mapema yanaweza kuonyesha seli zilizomwagwa na kisu tu. MRI ya mgongo lazima iwepo, maana ugonjwa huu husafiri na maji hayo. Na mionzi ianze kati ya wiki ya nne na ya saba.

Sasa hesabu. Majibu ya kinyama yakichukua wiki sita, dirisha limebakiza wiki moja na barua ya rufaa haijaandikwa.

Ndiyo maana nasema ufuatiliaji uanze wiki ya pili, kwa adabu, kila baada ya siku chache, ukiwa na namba ya maabara mkononi. Ustaarabu wa "tusubiri watatupigia" haufai hapa.

MRI iombwe kwenye CD, katika mfumo wa DICOM. Filamu iliyopigwa picha kwa simu dirishani haipimiki, na daktari wa mbali hawezi kuitolea ushauri wa maana. CD hupasuka na kukwaruzika, basi ihamishwe kwenye flashi na kwenye hifadhi ya mtandaoni siku hiyo hiyo. Pamoja nayo iwepo ripoti ya upasuaji, ile ya daktari mwenyewe inayosema aliona nini na aliacha nini. Mionzi ikiisha, iombwe karatasi yenye dozi yote, idadi ya vipindi na sehemu zilizopigwa. Kwa kemo, majina ya dawa, dozi na tarehe. Miaka kumi baadaye, mtoto akiwa mfupi kuliko wadogo zake au hasikii vizuri darasani, karatasi hizo ndizo zitakazomwambia daktari mgeni kwamba mionzi iligusa tezi ya pituitari na sisplatini, dawa ya kemo, ilipita masikioni.

## Kutafuta ukiwa na jina

Sasa simu.

Andika jina kama lilivyo kwenye majibu, herufi kwa herufi, na uongeze neno la Kiingereza "childhood". Neno hilo moja linakutoa kwenye takwimu za wazee. Kisha ongeza PDQ. Hizo ni kurasa za Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ziko bure, na kila ugonjwa una matoleo mawili: la wagonjwa na la wataalamu. Anza na la wagonjwa. Ukishaelewa picha, ingia la wataalamu, hata kama utaelewa nusu, kwa sababu humo ndimo utafiti unapotajwa na ushahidi unapopimwa uzito. Kila ukurasa una tarehe ya kusasishwa. St. Jude, hospitali ya watoto ya Memphis, nayo ina tovuti ya Together, yenye maelezo rahisi na picha. Programu za kutafsiri zinasaidia, ila zikague kwenye dozi na asilimia. Hapo kosa dogo ni kubwa.

Kuna mwongozo mmoja unaostahili kutajwa kwa daktari wako hata kama anaujua. Chama cha kimataifa cha saratani za watoto, SIOP, kilichapisha mwaka 2015 mwongozo wa meduloblastoma ya hatari ya kawaida kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Unazungumzia hali halisi: picha zinazochelewa, mashine chache, damu ya kuongezewa isiyopatikana. Mimi nauheshimu kuliko itifaki za Ulaya zinazodhani kila kitu kipo.

Orodha ya majaribio ya dawa, ClinicalTrials.gov, hutembelewa na wazazi usiku wa manane. Itumike kwa tahadhari. Kuorodheshwa pale si muhuri wa ubora, na humo kuna hata majaribio yanayomtoza mgonjwa fedha. Angalia kama bado yanapokea watu, umri unaoruhusiwa, na kama mtoto aliyekwisha kupata mionzi anakubalika. Awamu ya kwanza hutafuta dozi salama. Haijaahidi kuponya.

Kuhusu asilimia za kuishi nina shaka ambayo haijaisha. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona katika nchi tajiri, na chini ya 30 katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati. Mzazi wa Shinyanga achukue ipi? Nafikiri hakuna kati ya hizo mbili inayomhusu moja kwa moja. Ya kwanza inaonyesha ugonjwa unaweza kufanywa nini. Ya pili imechanganya ugonjwa, kuchelewa, nauli iliyokatika na matibabu yaliyoachwa njiani. Mtoto mwenye meduloblastoma ya hatari ya kawaida aliyepasuliwa vizuri, akaanza mionzi kwa wakati na kumaliza vipindi vyote 30 hakai tena ndani ya ile namba ya pili. Tukiijua sababu ya pengo, sehemu yake iko mikononi mwa familia na wodi, na sehemu kubwa iko mikononi mwa wanaopanga bajeti.

## Mstafeli

Majani ya mstafeli yatakuja. Yataletwa na mtu anayempenda mtoto. Sababu ya kuyakataa hapa ni mahususi: mstafeli una kemikali iitwayo anonasini, inayodhuru seli za neva, na kwenye kisiwa cha Guadeloupe watafiti waliihusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa usiosikia dawa za Parkinson kwa watu walioitumia sana. Kwa mtoto ambaye ubongo wake ndio unaopiganiwa, hiyo si dawa ya kujaribia.

Waliokuwa watu wazima 2011 wanakumbuka barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, na kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu. Haifai kuwacheka waliopanda magari yale. Mzazi anayeogopa kufokewa ataficha chupa chini ya kitanda, na daktari atahangaika na ini lililovurugika bila kujua chanzo. Afadhali daktari aulize kwa upole, na mzazi ajibu bila aibu. Sala hazigongani na kemo. Vya kunywa vinaweza kugongana.

## Tiketi ya India

Mchango wa harusi tunajua kuupanga, na wa matibabu pia. Kabla ya kuchangisha, jina kwanza. Astrositoma ya pilositiki iliyotolewa yote haihitaji India. Inahitaji nauli ya kuja kwenye MRI za ufuatiliaji. Jina sahihi mara nyingi huokoa nyumba isiuzwe, na hili ndilo jambo ambalo watu hawaliamini hadi waambiwe na mtu wa tatu.

Kama safari ina sababu, hospitali ya huko iandike mpango wa tiba na gharama yote kabla ya tiketi, ikiwemo hatua zitakazomaliziwa nyumbani. Fahamu kwamba wakala anayekupangia huenda analipwa na hospitali anayokupeleka. Na unaporudi, rudi na bloku au slaidi, CD zote, na muhtasari wa mionzi. Mtoto aliyepasuliwa nje akarudi na karatasi ya risiti peke yake anaanza upya.

## Watu

Mlango wa kwanza ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Msamaha wa gharama, malazi, nauli, vyote hupita hapo. Wengi hawaendi kwa sababu wanadhani ni kwa ajili ya mafukara. Shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na Muhimbili na hospitali nyingine za Tanzania, husaidia watoto wenye saratani watibiwe bila malipo, na lina nyumba ya kufikia kwa familia za mikoani. Nairobi kuna Faraja Cancer Support Trust. Mtoto aliyewekewa mpira wa kutoa maji kichwani ana ndugu wengine pia: chama cha wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, ASBAHT. Wazazi hao wanajua mpira kuliko wauguzi wengi. Watakwambia kwamba mtoto mwenye mpira akianza tena kutapika, kusinzia mchana, au kupata homa na wekundu kwenye njia ya mpira, haanzi na dawa ya malaria. Anarudi kwa waliouweka, leo.

Mzazi mwenzio wa thamani kubwa ni yule ambaye mtoto wake ana jina lile lile la ugonjwa na ametangulia mwaka mmoja au miwili. Makundi ya jumla ya WhatsApp yana joto, lakini humo mtu wa ependimoma humtisha mtu wa kraniofaringioma bila kukusudia.

## Siku ya pili, kimya

Hili hulipuka wodini kila mara, na ni dogo la kueleza mapema. Mtoto anaamka baada ya upasuaji wa kisogo, anaongea, anaomba maji. Siku moja mbili baadaye ananyamaza kabisa. Analia bila sauti ya maneno, mwili umelegea, hataki kutazamwa. Ndugu wanaanza kunong'ona mambo ya kurogwa.

Hutokea kwa takribani mtoto mmoja kati ya wanne waliotolewa meduloblastoma. Njia zinazounganisha ubongo mdogo na ubongo wa mbele zimejeruhiwa. Maneno hurudi kwa wengi, baada ya wiki au miezi, mara nyingi kwa kuvutavuta, na mazoezi ya kuongea na ya viungo yanasaidia. Kumeza nako huweza kuathirika, kwa hiyo asilishwe uji kwa nguvu. Mpira wa puani humkinga asipaliwe, uji ukaingia mapafuni. Ongea naye kama kawaida. Anasikia.

## Pale jina linapokuwa baya

Nilisema jina ndilo mlango. DIPG inanipinga. Uvimbe huu uko kwenye pons, shina la ubongo, mara nyingi hutambuliwa kwa MRI bila kinyama, na nusu ya watoto hawamalizi mwaka tangu siku hiyo. Kujua jina kuna faida gani?

Faida ya kwanza ni ya kikatili lakini ni kubwa: hakuna anayeweza kuukata ukatoka, kwa hiyo anayekuuzia upasuaji wa kuutoa, popote alipo, umeshamjua. Ya pili ni mionzi. Hupunguza dalili kwa wengi, mtoto akatembea na kucheka tena kwa miezi kadhaa. Dozi iliyozoeleka ni Gy 54 (Gy ni kipimo cha mionzi) kwa vipindi 30, wiki sita. Tafiti za Kairo, Misri, zililinganisha hiyo na ratiba fupi ya Gy 39 kwa vipindi 13, na watoto waliishi muda unaolingana. Kwa familia iliyotoka Kigoma na kuacha watoto wengine kwa jirani, tofauti kati ya wiki sita na chini ya tatu ni jambo la kulizungumza na daktari wa mionzi siku ya kwanza.

Agosti 2025 Marekani iliidhinisha kwa masharti dawa iitwayo dordaviproni kwa wenye glioma ya mstari wa kati wa ubongo, kundi lenye DIPG nyingi ndani yake, yenye badiliko la kinasaba liitwalo H3 K27M, ambao ugonjwa umeendelea baada ya tiba. Uvimbe ulipungua kwa takribani mgonjwa mmoja kati ya watano. Si tiba ya kuponya, bei yake haiko mbali na ndoto, na kuthibitisha badiliko hilo kunahitaji kinyama. Habari hii itafika kwenye simu yako ikiwa imekatwa mkia. Huo ndio mkia wake.

Kisha kuna wiki za mwisho, ambazo nazo zina taarifa zake. Deksamethasoni hupunguza shinikizo kichwani, lakini huleta njaa isiyoisha, mashavu kuvimba, hasira na sukari kupanda, na haikatizwi ghafla bali hushushwa taratibu. Morfini ya maji ya kunywa hutumika Afrika Mashariki. Uganda imekuwa mfano wake tangu Hospice Africa ilipoanzishwa Kampala mwaka 1993. Hutolewa kila baada ya saa nne, kwa dozi inayoanzia chini na kupandishwa kulingana na maumivu, bila kusubiri mtoto alie kwanza. Siku inayoanza morfini, dawa ya kulainisha choo ianze pia. Na mwulize daktari, kabla hamjatoka wodini, ni namba ipi ya kupiga saa nane za usiku, na kituo gani karibu na nyumbani kina chupa nyingine ikiisha.